Tulimkuta Bibi Mmoja

Daftari langu la Kiswahili la darasa la tano bado ninalo. Mama alilitunza miaka yote kwenye sanduku lake la vitambaa, halafu akanikabidhi. Katikati yake kuna insha yenye kichwa "Ziara Yetu ya Mafunzo." Nilipata kumi na nane kwa ishirini. Chini yake mwalimu aliandika kwa wino mwekundu "Vizuri sana!" akaisoma mbele ya darasa zima, nikapigiwa makofi matatu. Sijawahi kuandika uongo mwingine ukasifiwa namna ile.

Niseme mapema ili tusisumbuane. Mimi shuleni sikuteswa. Anayetafuta habari ya mwalimu katili na fimbo atafute kwingine. Mwenye kosa humu ni mtoto wa miaka kumi na moja, soksi moja imemshuka, na mtoto huyo ni mimi.

Nililelewa Kisarawe, kwa bibi mzaa mama, kijiji kilichopakana na msitu. Babu alikuwa ameshafariki, nyumba haina mwanamume ila mimi, basi bibi akanifanya mume. Mnaoujua utani wa bibi na mjukuu hamna haja ya kuelezwa. Asubuhi ananiamsha, "Mume wangu, amka, wanaume wenzio wameshafika shamba." Nikichelewa kisimani anatoka nje kupiga kelele, "Jamani majirani, nimeolewa na mvivu, nirudisheni kwetu!" Ikipatikana nyama, finyango la kwanza langu, maana mwenye nyumba hali mabaki. Nami nilimjibu vilevile. Nilikuwa nakaa kwenye kigoda chake, nakunja mikono, namwambia, "Mke wangu, chai iko wapi?" na yeye anacheka mpaka anakaa chini. Haikunipitikia hata siku moja kwamba neno lile linaweza kumtia mtu aibu.

Nilipoingia darasa la tatu mama akaja kunichukua. Alikuwa amepata kibanda cha kushonea nguo Kwa Mathias, Kibaha, na chumba cha kupanga Sofu, akasema mtoto anasoma karibu na mama yake. Siku ya kwanza katika shule mpya mwalimu alinisimamisha nisome sentensi ubaoni: "Barabara yetu imejengwa kwa lami." Nikaisoma kwa ulimi niliolelewa nao. "Balabala yetu imejengwa kwa lami."

Mama yangu wee! Darasa likaangua kicheko hadi wa darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Mwalimu akasema, "Rudia." Nikarudia, "Balabala." Kufikia mapumziko hilo ndilo lilikuwa jina langu. Nikiingia chooni, Balabala. Nikipanga mstari wa kunywa uji, Balabala, sogea. Nilijifunza hiyo "r" peke yangu nyuma ya jengo la vyoo, nanguruma kama pikipiki mbovu, na niliipata kweli. Niliipata mpaka ikapitiliza, nikawa nasema "ninakwenda kurara," wakacheka upya.

Halafu darasa la nne, somo la sayansi. Mwalimu akauliza, "Nani atatutajia mimea ambayo tunakula mizizi yake?" Wengine wakataja mihogo, viazi, karoti. Nikanyoosha kidole kwa hamu, nikasema, "Ndiga." Mwalimu akaniangalia kama nimetukana. "Ndiga ndiyo nini?" Nikaeleza kwamba inachimbwa porini, ina sumu, bibi anailoweka kwanza mtoni ndipo inaliwa. Mtoto mmoja nyuma akasema, "Kwao wanakula sumu," na mwalimu mwenyewe akacheka kidogo, akageukia ubao. Sikumchukia. Alikuwa mgeni Pwani, ametoka bara, kitu hakijui na kwenye kitabu hakimo. Lakini nilikaa chini nikiwa nimeapa kimoyomoyo kwamba kitu chochote cha bibi yangu sitakileta tena darasani.

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetutoa nje, na kwa hilo nampa haki yake. Alikuwa haamini ubao. Hesabu za takwimu alitufundisha kando ya barabara Kwa Mathias, tumekaa kwenye nyasi na madaftari magotini, huyu anahesabu mabasi, huyu malori, huyu bodaboda, tunachora vijiti vinne na cha tano tunakikata juu. Mama aliniona toka kibandani kwake akanipungia mkono, nami nikampungia. Somo la kuku tulilisomea Visiga, kwenye banda la mzazi mmoja, na nilipotoka huko nilikuwa najua kutofautisha kifaranga jike na dume, au nilidhani najua. Siku hizo za kutoka nilizipenda mno. Nje ya darasa hakuna mtu aliyekumbuka kuniita Balabala, kila mtu ana macho kwa kinachoonekana.

Basi mwalimu alipotangaza kwamba darasa la tano tutakwenda kwenye msitu wa hifadhi Kisarawe, kujifunza mimea ya asili, wenzangu waliruka juu ya madawati. Mimi nilibaki nimekaa. Msitu ule naujua. Njia ya kuingilia langoni inapita karibu na nyumba ya bibi.

Nilijipa moyo. Basi litapita haraka, bibi atakuwa shambani, hatajua. Asubuhi ya safari, mama akiwa ameinama ananifunga kamba za viatu, akasema kwa furaha, "Nimempigia bibi yako, nimemwambia leo mnakwenda kwake. Amefurahi huyo! Anasema lazima aje langoni amwone mume wake."

Nikamwambia mama sijisikii vizuri. Akanishika paji la uso, akasema, "Acha deko, basi litakuacha."

Njia nzima, kupitia Mbezi na Pugu, wenzangu waliimba, nami nilikuwa naona jambo moja tu: bibi yangu anatokea mbele ya watoto arobaini na watatu na kuita kwa sauti yake ile ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, "Mume wangu!" Miaka miwili nimehangaika kuizika Balabala. Sasa nitakuwa mume wa kizee mpaka nimalize darasa la saba. Nilimwomba Mungu amtegue mguu. Ndiyo, niliomba hivyo. Kidogo tu, nilisema, asiweze kutembea kwa siku moja.

Mungu hakunisikiliza. Basi liliposimama nilimwona kabla ya mtu yeyote. Amekaa kwenye jiwe pembeni ya lango, amevaa zile khanga zake mpya za sikukuu, miguu amepaka mafuta inang'aa, na mapajani ameshika sufuria iliyofungwa kwa kitambaa cheupe. Sikuhitaji kufunuliwa nijue ndani kuna mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, moto chini na moto juu. Alikuwa anaupika siku za Idi, na siku nikiugua.

Nikashuka wa mwisho, nikajibanza nyuma ya msichana mmoja mrefu kuliko wote darasani.

"Shikamoo bibi!" darasa likamwamkia kwa pamoja, kama tulivyozoeshwa. Mimi sikufungua mdomo. Nilifikiri akisikia sauti yangu katikati ya zile atanijua.

"Marahaba, marahaba wajukuu zangu. Mmekuja wangapi?" Akaanza kutupitia kwa macho, mmoja mmoja, mkono ameuweka juu ya nyusi. Kisha akasema kwa ile sauti, "Haya, yuko wapi mume wangu?"

Kicheko kililipuka. Mhifadhi wa msitu, kijana mwenye viatu vya mvua aliyekuja kutupokea, naye alicheka, maana walikuwa wanajuana na bibi. Mwalimu wetu akasema, "Haa! Bibi, mume wako yuko humu kwenye darasa langu? Nani huyo aliyeoa bila kunialika?"

Yule msichana mrefu akasogea pembeni ili aone vizuri, nami nikabaki wazi.

Bibi akaniona. Uso wake ulifunguka wote, na mikono ikaanza kuinuka na sufuria yake. Mimi nikamwangalia machoni, nikatikisa kichwa. Mara moja tu, hivi, kulia na kushoto. Halafu nikatazama viatu vyangu, vile mama alivyonifunga.

Nilisikia mwalimu akiuliza tena, "Eeh bibi, tuonyeshe basi!"

"Aa, nawatania tu mwalimu," bibi akasema. "Wote hawa waume zangu."

Watoto wakashangilia. Mwalimu akafurahi, akamwuliza mhifadhi kama bibi huyu mcheshi anaweza kutembea nasi, na mhifadhi akasema hakuna anayejua mimea ya hapa kumshinda. Hivyo ndivyo bibi yangu alivyokuwa mwalimu wetu siku ile, saa mbili nzima. Alitembea mbele na fimbo, sisi nyuma na madaftari. Alituonyesha mti wa kutengenezea mipini, majani ya kufukizia mtoto mwenye homa, mabungo ambayo hayajaiva. Ngedere walipopita juu akawatukana kwa jina kila mmoja, wenzangu wakashika mbavu. Walimpenda. Walikuwa wanasukumana ili watembee karibu naye, na mimi nilikuwa mkiani na mhifadhi.

Kwenye bonde moja akasimama, akaushika mmea unaotambaa, una majani matatu matatu na miiba kwenye shina. "Hii mnaijua?" Nilijua. Nilikuwa nimeichimba naye kwa mikono yangu, nimebeba kikapu mpaka mtoni. "Hii ndiga," akasema. "Mwaka wa njaa sisi huku ndiyo iliyotuvusha." Akachimbua, akatoa kiazi, akakimenya kwa kisu chake, akakikata vipande vyembamba. Akaeleza kwamba ukila hivi hivi utalewa, utatapika, utakufa. Unavitia kwenye kikapu, unavilaza mtoni maji yapite juu yake siku kadhaa usiku na mchana, mpaka povu liishe. Hapo unaanika, unatwanga, unapika.

Mwalimu alikuwa anaandika haraka haraka. Akainua kichwa, akaanza kututazama kama mtu anayetafuta kitu alichokisahau. "Si kuna mtoto aliwahi kuniambia habari hii?" Macho yake yakanifikia. Nikainamia daftari langu, nikaandika neno "ndiga" kwa makini kana kwamba ndiyo kwanza nalisikia.

Tuliporudi langoni bibi akafungua sufuria. Mwalimu akampa kisu, kile cha bibi mwenyewe, akate. Bibi akakikataa. "Kisu cha ndiga hakikati mkate, mwanangu. Unataka kuniulia watoto?" Akanawa mikono kwa maji ya chupa ya mhifadhi, akaumega kwa vidole, mkate wa mtu mmoja kwa watu arobaini na watatu. Tulipanga mstari. Kila mtoto alipata kitonge kama cha kuchovyea mchuzi. Nilipofika mbele yake aliniwekea kiganjani kitonge sawa na cha wengine, si kikubwa wala si kidogo, akasema, "Chukua, baba," kama alivyomwambia wa mbele yangu na wa nyuma yangu.

"Asante bibi," nikasema. Ndiyo maneno pekee niliyomwambia siku ile.

Sasa subirini niwaambie lililonikata maini. Kwenye basi, hata Pugu hatujafika, mvulana mmoja wa Mlandizi akasema, "Bibi yangu mimi pia ananiita mume wangu. Sikukuu anadai khanga, nisipompa anasema atadai talaka." Mwingine akadakia, "Wangu ananiambia nimeshazeeka nitafute mke mdogo." Mtoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani, ambaye hata hakuwa anaongea darasani, akasema kwao ni hivyohivyo. Msichana mrefu akasema yeye bibi yake anamwita mke mwenza na wanagombania babu. Basi lote likawa utani wa bibi mpaka tunaingia Kibaha. Hakuna aliyemwonea mtu aibu. Mimi peke yangu ndiye nilikaa dirishani na mdomo umejaa nazi, nimekana kitu ambacho nusu ya basi walikuwa wanajivunia. Ningeweza kusema hata pale. Ningesema, "Jamani, yule alikuwa bibi yangu." Nikaona wataniuliza kwa nini sikusema mwanzo.

Wiki iliyofuata tukapewa insha. Nikaandika: "Tulipofika tulimkuta bibi mmoja. Bibi huyo alikuwa mcheshi na alitufundisha mengi." Kumi na nane kwa ishirini. Na kwenye mtihani wa sayansi likaja swali, taja mmea wenye sumu unaoliwa baada ya kulowekwa. Darasa zima tuliandika ndiga, darasa zima tukapata. Neno lilelile walilonicheka nalo mwaka uliopita, sasa limetiwa tiki nyekundu kwenye madaftari arobaini na matatu.

Mama alilifungua daftari siku ya Jumapili, anatafuta karatasi ya kukatia patani, kielelezo cha kola. Nilimwona midomo inamchezacheza anasoma. Akafika, akarudi nyuma, akasoma tena.

"Bibi mmoja?" akaniuliza. "Bibi mmoja nani?"

Nikainama kuokota vipande vya vitambaa sakafuni.

"Nilipompigia kumuuliza kama mlionana alisema mlionana, ukala mkate ukashiba. Alisema umekua, una adabu." Akalifunga daftari. "Na methali mnafundishwa huko shuleni? Mwacha asili ni nini?"

"Ni mtumwa," nikasema. Hata ile nilikuwa nimepata tiki.

Hakunipiga. Ningeshukuru angenipiga, tungemaliza. Alilichukua daftari akalitia kwenye sanduku, na likizo ilipofika akanipeleka Kisarawe mwenyewe. Nilikuwa nimepanga la kusema. Nitaingia uani, nitakunja mikono, nitasema, "Mke wangu, chai iko wapi?" naye atacheka akae chini, yataisha.

Nikaingia uani. Nikakunja mikono. Nikasema.

Bibi alikuwa anapepeta mchele. Akaniangalia, akatabasamu vizuri kabisa, bila kinyongo. "Karibu, mwanafunzi," akasema. "Mmekuja wangapi?"

Jioni alinipakulia kwenye ile sahani ya maua anayoiweka juu ya kabati kwa ajili ya wageni. Finyango zuri, wali umekaa vizuri. Aliniuliza habari za masomo. Nililala siku kumi na nne nyumba ile, na kila asubuhi aliniamsha kwa upole, "Mwanafunzi, kumekucha." Majirani hawakuitwa tena kusikia habari za uvivu wangu. Nilitaka kumwomba radhi, lakini hebu niambieni, unaombaje radhi kwa mtu ambaye hajakulaumu? Kila nilipofungua mdomo alinitangulia kwa neno jema. Siku zikaisha, na zilizofuata nazo zikaisha, mpaka nikavunja sauti nikaota ndevu, na mimi ni mwanafunzi.

Mama aliolewa tena, akajenga hukohuko Sofu, nikapata mdogo wangu wa kiume. Bibi miguu ilipomchosha tukamhamishia kwetu, chumba cha uani kinachopata upepo. Mwaka jana nilikuwa nimerudi likizo kutoka chuoni. Nimekaa barazani natengeneza feni, nasikia kutoka chumbani, kwa sauti ile ya kuitia watu ng'ambo ya bonde, ingawa sasa imechakaa:

"Mume wangu! We mume wangu!"

Niliinuka mpaka feni ikaanguka. Miaka kumi sijalisikia. "Naam!" nikaitika, na sijui kwa nini machozi yalinitoka papo hapo, mwanaume mzima na bisibisi mkononi. Nikakimbia, nikasimama mlangoni, nikasema, "Naam, mke wangu, nimekuja."

Bibi alikuwa amekaa kitandani, ameshika kipande cha mkate wa kumimina kwenye karatasi, anatazama chini kupita usawa wa kiuno changu. Mdogo wangu wa miaka mitano alipenya kati ya miguu yangu na mlango, akaenda kukaa mapajani mwake.

"Si wewe, mwanafunzi," bibi akaniambia. "Namwita mume wangu."